Tuko saba, jirani mwenye watoto wawili kapata hausing kabla yetu, kwa nini?

Swali limetoka kwa Mama Furaha, yuko Kentucky, familia yao ilitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Nalifupisha maana ujumbe ulikuwa mrefu: wako saba, yeye, mume wake, watoto wanne na mtoto wa marehemu dada yake. Juu ya hapo kuna shemeji mmoja analala sebuleni. Mume anafanya kiwanda cha nyama na anapiga ovataimu. Wameomba nyumba za serikali na vocha ya Section 8 (ile unapanga kwa landlodi na serikali inalipa sehemu ya kodi) zaidi ya mwaka umepita, kimya. Jirani yao, mama wa watoto wawili, kaomba nyuma yao na keshahamia. Sasa watu wanamwambia "punguza majina kwenye fomu, familia kubwa hawapati", wengine wanamwambia ovataimu ya mzee ndo inawaharibia. Anauliza wapi ni kweli.

Mama Furaha, pole kwanza kwa kubanana. Nimekaa miaka upande wa kupokea maombi ya hausing na hili la kupunguza majina nimelisikia sana, na linaumiza familia nyingi kuliko hata hiyo foleni yenyewe. Kwa iyo nianze na jibu lenyewe halafu ndo nieleze: usipunguze jina hata moja. Idadi yenu inawasaidia sehemu moja na inawachelewesha sehemu nyingine, na hizo ni sehemu mbili tofauti kabisa, watu wanazichanganya ndo maana ushauri wao unakuwa wa ajabu.

Sehemu ya kwanza ni kipato. Kila mwaka HUD, ile wizara ya nyumba ya serikali kuu, inatoa kipato cha kati cha kila kaunti, halafu inakata ngazi tatu: asilimia 80 wanaita kipato cha chini, asilimia 50 kipato cha chini sana, na asilimia 30 hawa ndo wa chini kabisa. Nyumba za serikali zenyewe unaweza kuingia ukiwa chini ya 80, ila sheria inataka angalau asilimia 40 ya familia mpya zinazoingia kila mwaka ziwe za ngazi ya chini kabisa. Vocha ni kali zaidi, kwa kawaida uwe chini ya 50, na asilimia 75 ya vocha mpya ziende kwa wale wa chini kabisa. Yaani swali la "tunaruhusiwa kuomba?" ni moja, na "tuko kwenye ngazi wanayoitafuta?" ni lingine, na hili la pili ndo lenye nguvu.

Sasa hizo ngazi zinapanda na idadi ya watu. Msingi ni familia ya watu wanne. Mtu mmoja anapewa asilimia 70 ya kiwango hicho, wawili 80, watatu 90, halafu kuanzia wa tano kila kichwa kinaongeza 8, kwa iyo watano ni 108, saba ni 124, wanane ni 132. Tufanye hesabu ya mfano, usiichukue kama namba ya kaunti yenu, ya kwenu utaikuta kwa HUD au uwaulize ofisi ya hausing mliyoombea. Tuseme kipato cha kati ni dola 90,000. Asilimia 50 kwa watu wanne ni 45,000, kwa watu saba inakuwa kama 55,800. Umeona? Kila mtoto anasukuma dari juu.

Na kwenye ngazi ya chini kabisa kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Siyo asilimia 30 tu, sheria inasema chukua kubwa kati ya asilimia 30 na mstari wa umaskini wa serikali kuu, mradi usipite ile 50. Mstari wa umaskini wa 2025 ulikuwa dola 15,650 kwa mtu mmoja na 5,500 kwa kila anayeongezeka, kwa iyo watu saba ni 48,650. Kwa mfano wetu asilimia 30 ya watu saba ingekuwa kama 33,480 tu, lakini kwa sababu ya kanuni hii dari yenu linakuwa 48,650. Hii kanuni kwa familia kubwa kama zetu ni dhahabu.

Haya, mzee wako. Hukuniambia analipwa ngapi, nitaweka namba zangu. Tuseme dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, mwaka mzima ni 37,440. Ovataimu saa 6 kwa wiki kwa dola 27, hiyo ni 8,424. Jumla 45,864. Kwa watu saba bado mko chini ya 48,650, yaani mko ngazi ya chini kabisa, ile inayotafutwa, pamoja na ovataimu yote. Sasa fuata ushauri wa mtaani, toa majina mawili, mbaki watano: dari la ngazi hiyo linashuka hadi 37,650, na hapo hapo mmeshatoka. Kwenye vocha ungekuwa umejisukuma mwenyewe kwenye zile nafasi chache zinazobaki baada ya asilimia 75. Ndo kupunguza majina huko.

Na msimwambie mzee aache ovataimu kwa ajili ya hausing. Cha muhimu ni ieleweke ilivyo. Ofisi inakadiria kipato cha miezi 12 inayokuja kutoka kwenye stabu za malipo, sasa kama umepeleka stabu za Novemba na Desemba wakati kiwanda kinapiga kazi usiku na mchana, watazidisha zile wiki nono kwa mwaka mzima na mtaonekana matajiri. Kama ovataimu ni ya msimu, mwombe HR (ofisi ya wafanyakazi kiwandani) barua inayosema hivyo, au peleka stabu zinazoonyesha jumla ya tangu mwaka uanze, ile namba ya chini kwenye stabu wanayoandika YTD. Waoneshe kwa kidole kabisa kwenye intavyuu.

Nini kinahesabiwa nini hakihesabiwi, nipite haraka. Fudi stempu hazihesabiwi. Mshahara wa mtoto chini ya miaka 18 hauhesabiwi hata senti, kwa iyo kijana wako wa 17 anayefanya wikendi kwenye chakula cha haraka mwache afanye, akifika 18 akiwa bado shule ful-taimu wanahesabu kiasi kidogo tu cha mshahara wake. SSI, ile hela ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, inahesabiwa. Matunzo ya mtoto kutoka kwa baba aliyeko nje ya nyumba yanahesabiwa. Hela mnayotumiwa na ndugu kila mwezi inahesabiwa pia. Lakini hela MNAYOTUMA kambini haitolewi, samahani, najua inauma, dola 200 kila mwezi za bibi Nyarugusu kwa HUD hazipo, kipato chenu kinasomwa kama vile mnakula nyinyi wenyewe yote.

Kodi nayo. Nyumba za serikali na vocha kodi inafuata kipato: asilimia 30 ya kipato kilichopunguzwa. Zamani hapakuwa na kikomo, mwaka 1969 seneta mmoja wa Massachusetts, Edward Brooke, akapitisha kikomo cha asilimia 25, ikaja kupandishwa 30 mwaka 1981 na imebaki hapo. Kupunguzwa maana yake kabla ya kuzidisha wanatoa kiasi kwa kila mtegemezi, miaka mingi kilikuwa dola 480 kwa mtoto, sasa sheria inaruhusu kipande na bei za vitu. Nyinyi mna wategemezi watano, kwa ile 480 ni 2,400. Inabaki 43,464, gawa kwa 12 ni 3,622, asilimia 30 ni kama 1,087 kwa mwezi, na humo ndani kuna umeme na gesi, kama mnalipa wenyewe wanakata posho ya umeme kutoka kwenye hiyo namba. Na kama mnalipa deikea ya mtoto wa chini ya miaka 13 ili wewe uweze kufanya kazi, hiyo nayo inatolewa, tunza risiti.

Kwa iyo kipato siyo tatizo lenu. Sasa jirani.

Jirani hakuwaruka. Hakuwa kwenye mstari wenu. Ombi likiingia wanaangalia familia inahitaji vyumba vingapi, na kawaida ni watu wawili kwa bedrumu moja. Mama na watoto wawili ni bedrumu mbili. Nyinyi saba ni bedrumu nne. Bedrumu mbili zinaachwa kila mara, watu wanahama, wanaolewa, wananunua nyumba. Bedrumu nne, kuna ofisi ina majengo mengi lakini za nne unazihesabu kwenye vidole, na familia iliyoko ndani haitoki kwa sababu nayo ikitoka itaenda wapi. Nyumba nyingi za serikali zilijengwa ndogo, nyingi za wazee. Ikifunguka bedrumu mbili hawawezi kumpa mtu wa bedrumu nne hata kama tarehe yake ni ya kwanza, wanashuka kwenye orodha mpaka wamkute wa kwanza anayelingana na ile nyumba. Mtu akikwambia "nilikuwa namba 40 sasa niko namba 55" usishangae, muulize hiyo namba ni ya orodha nzima au ya saizi yake.

Tena inawezekana jirani ana kipaumbele. Kila ofisi inaandika vya kwake: asiye na makazi, aliyekimbia ukatili nyumbani, mlemavu, mzee, mstaafu wa jeshi, anayefanya kazi ndani ya mji. Kingine, ofisi nyingine hazipangi kwa tarehe, zinapiga bahati nasibu wakati orodha inafunguliwa, basi hapo kutangulia kuomba hakuna maana yoyote. Sheria zao zote zimeandikwa kwenye kitabu cha sera, ni cha wazi, una haki ya kukiona. Omba wakuonyeshe ukurasa wa vipaumbele na ukurasa wa saizi za vyumba, ni hizo mbili tu zinakuhusu.

Ukiupata huo wa vyumba soma vizuri maana ofisi zinatofautiana. Wengine wanatenganisha wavulana na wasichana, wengine hawajali mpaka umri fulani, wengine wanamhesabia baba na mama chumba chao halafu watoto wawili wawili. Na swali la dhahabu kwenu ni hili: "Je, tunaweza kuwekwa pia kwenye orodha ya bedrumu tatu?" Kuna ofisi zinakubali familia ikichagua yenyewe kubanana kidogo, mradi haivunji sheria ya mji ya msongamano. Saba kwenye bedrumu tatu na sebule kubwa si ajabu kwa mtu aliyetoka kwenye hema, wewe unajua. Ila jua ukikubali ndogo, kuhamia kubwa baadaye nako ni foleni.

Kwenye vocha ni rahisi zaidi. Wakikupa vocha ya bedrumu nne unaruhusiwa kukodi nyumba ya bedrumu tatu, kinachotakiwa ni kila watu wawili wawe na chumba cha kulala au sebule ya kulala. Ila pesa watakayochangia itafuata ile ndogo, saizi ya vocha au saizi ya nyumba, ipi ndogo. Na mwanzoni hawatakuruhusu kukodi kama sehemu yako inapita asilimia 40 ya kipato chenu kilichopunguzwa. Vocha ikitoka wanakupa angalau siku 60 za kutafuta nyumba, kwa familia ya saba siku 60 zinaisha kama maji, kwa iyo omba kuongezewa KABLA hazijaisha, kwa maandishi, ukisema familia ni kubwa na umejaribu wapi na wapi. Landlodi akikwambia "watoto wengi sana hapa sitaki", hilo haliruhusiwi, sheria ya nyumba ya haki ilibadilishwa mwaka 1988 kuzuia ubaguzi dhidi ya familia zenye watoto. Anaweza kuweka kikomo cha watu kinachoeleweka kwa vyumba alivyonavyo, basi. Kukataa vocha yenyewe ni habari nyingine, baadhi ya majimbo yamekataza, mengi hayajakataza.

Mtoto wa dada yako. Mweke. Mchezo wa kumficha kwa sababu "hatuna karatasi za mahakama" nauona kila wakati. Kama analala kwenu, anakula kwenu na shule inawajua nyinyi kama walezi, ni wa familia yenu, na kama mlipokelewa kama wakimbizi kwenye kesi moja, karatasi zenu za kuingia zinaonyesha hivyo. Ofisi nyingi zinapokea barua ya shule, kliniki, au ya shirika lililowapokea. Karatasi ya ulezi ya mahakama ni bora zaidi, mwanasheria wa msaada wa bure anaweza kuwasaidia, itawafaa na hospitali pia. Na kuhusu hofu ya uraia: wakimbizi, waliopewa hifadhi, wenye greenkadi, wote wako kwenye orodha ya wanaostahili. Kama mmoja kati yenu hali yake ni tofauti, familia haikataliwi yote, msaada unapunguzwa kwa uwiano wa wanaostahili. Kabla ya kujaza ongea na wakili.

Sasa shemeji, hapa ndo penye uamuzi mgumu na hukuniuliza ila nimeuona. Yupo kwenye fomu au hayupo? Hakuna "yupo kidogo". Tuseme analipwa 33,000. Mkimweka mnakuwa wanane, kipato 78,864. Kwa mfano wetu asilimia 50 ya watu wanane ni 59,400, kwa iyo vocha imekwenda, mmepita. Nyumba ya serikali bado, maana 80 ya watu wanane ni kama 95,040, lakini hamko tena ngazi ya chini kabisa, na kodi ya asilimia 30 inaruka mpaka kama 1,912 kwa sababu mshahara wake unaingia na yeye siyo mtegemezi, hakuna cha kukata. Mkimwacha nje ya fomu basi lazima siku ya kuhamia awe na kwake. Kumwacha nje ya fomu halafu anahamia na godoro lake usiku, usithubutu. Lisi (mkataba wa kupanga) nyingi zinaruhusu mgeni kama siku 14 hivi, na HUD ina kompyuta inayolinganisha majina na mishahara inayoripotiwa na waajiri, na barua zake za benki zikija kwenye anwani yenu ni ushahidi tosha. Watu wamenyang'anywa vocha na kudaiwa pesa za nyuma kwa kitu kama hicho. Kaeni kama familia mzungumze naye sasa, siyo siku simu inapigwa. Akiwa kijana asiye na watoto atapata chumba cha kupanga na wenzake wa kiwandani kwa bei nafuu kuliko hasara hiyo.

Wakati mnasubiri ombeni na zile apatimenti za tax credit, zile zilizojengwa kwa mpango wa 1986 wa kuwapunguzia wawekezaji kodi ya serikali, zipo nyingi na foleni zake mara nyingi ni fupi. Nazo zinaangalia kipato na idadi, kawaida asilimia 60, kwa mfano wetu watu saba ni kama 66,960, mnaingia vizuri. Tofauti ni kwamba kodi ya nyumba haifuati mshahara wenu, imefungwa kwa saizi ya nyumba, bedrumu nne kwa mfano wetu isingepita kama 1,566 pamoja na umeme. Ni zaidi ya ile 1,087, na mzee akikatwa masaa hakuna atakayeshusha. Lakini ni nyumba, na kuingia humo hakuwatoi kwenye foleni ya vocha, vocha ikija mnaweza kuitumia humo humo, hawaruhusiwi kuikataa kwa sababu ni vocha.

Kimya cha mwaka mzima kisikutishe, msaada huu siyo haki ya kila anayestahili, ni kama familia moja kati ya nne zinazostahili ndo inapata. Kinachonitisha mimi ni kimya cha aina nyingine: barua ilitumwa kwenye anwani ya zamani ikiuliza "bado mnataka?", hamkujibu, mkafutwa. Mmehama tangu muombe? Kama mmehama, wiki hii hii nenda ofisini na kitambulisho, omba mkalimani siku unapopanga miadi, usimtumie mtoto kutafsiri habari za mshahara wa baba yake, waambie wakutolee chapa ya ombi lenu: majina yote saba yapo? bedrumu ngapi? anwani ipi? Kama mmefutwa kwa sababu ya barua, uliza sera yao ya kurudishwa, nyingine zinarudisha kwenye tarehe ile ile ukionyesha sababu. Na ikija barua ya kukataliwa kabisa, tafuta ile sentensi inayotaja siku za kuomba kusikilizwa, ziko chache, andika mstari mmoja tu kwamba unaomba, weka sahihi, baki na kopi yenye muhuri wa siku waliyopokea, maelezo mengine utayatoa huko huko.